Oili ya Kupashwa Jikoni

Tunduma,
14 Julai 1974

Mume wangu Danford,

Sasa hivi binti yako ametambaa mpaka kwenye kamba ya nguo, akavuta nepi niliyokwisha kuifua, akaikumbatia kama mtu aliyekutana na ndugu yake wa siku nyingi, halafu akajifuta nayo usoni. Uso wote ukawa mweusi. Nilitaka kumgombeza lakini alinitazama akacheka na yale meno yake mawili, nami nikacheka, nikarudi kwenye beseni kufua upya.

Weusi huo si wa mkaa. Nyuma ya chumba chetu, ng'ambo ya ua wa matete, ni uwanja wa Bwana Yahaya, yule mwenye malori aliyetoka Kondoa. Mwezi uliopita ameweka hapo gari dogo jekundu, la chini chini, lina taa nne mbele kama macho ya buibui. Jirani yangu Mwasiti anasema ni gari la mashindano, lilikimbia mbio za Pasaka miaka ya nyuma, na mzungu mmoja wa migodini aliliacha alipokuwa anarudi kwao. Mlangoni namba bado inaonekana chini ya rangi. Alfajiri Bashiri, fundi wa Bwana Yahaya, huliamsha. Linakohoa weee, halafu linatoa moshi wa buluu, mzito, unapita juu ya matete na kutua kwenye nguo zangu. Nepi zinanuka kibatari. Likishapata moto moshi unakwisha, linanguruma vizuri, huwezi kusema ni lile lile.

Bashiri mwenyewe ana adabu. Baridi ya Julai ya huku unaijua, hata vidole vinakataa kukunjika. Siku nyingine anapiga hodi na kopo la oili nzito kama asali, anasema, "Mama Tabita, nipashie kidogo jikoni kwako, haimiminiki." Namwekea kando ya sufuria ya uji. Mwasiti ananicheka: "Wewe mwanamke una watoto wawili, mmoja wa uji na mmoja wa oili."

Kifua cha Tabita kinakoroma asubuhi, si sana. Namfunga kitambaa cha sufu.

Baba yako ametuma salamu kwa dereva kutoka Nanyala kwamba atakuja Tunduma kwa shughuli uliyomwagiza. Shughuli gani hiyo, mbona mimi siijui? Nimeuliza mara moja, sitauliza tena.

Mkeo,
Tulinagwe


Kambi ya Reli, Serenje,
20 Julai 1974

Mke wangu Mama Tabita,

Sijapata barua yako tangu Juni. Madereva wanasema wanaziacha kambini Mpika na huko zinalala. Hii nampa mtu anayekuja moja kwa moja.

Huku Zambia tumetandika reli mpaka tumeota sugu, lakini niko mzima. Nilitaka jambo hili likukute limeshakwisha, ila moyo umenishinda. Tunanunua gari.

Si gari la kubebea mahindi. Ni gari la mwendo. Nililiona kwenye gereji ya Bwana Yahaya kule mpakani mwezi wa tano nilipokuwa napita kuja huku, dogo jekundu, lina taa nne. Alinizungusha mpaka Mpemba na kurudi. Tulinagwe, lami mpya ile ilikuwa inakimbia kuja kwetu, siyo sisi kuiendea. Nimemwomba baba atoe mafahali wake wawili na kahawa ya msimu huu, na mimi mshahara wangu wa reli utafuata. Nikimaliza mkataba nitabeba abiria Tunduma na Mbeya. Lakini kubeba abiria ni maneno ya kumwambia baba. Wewe nakwambia la moyoni.

Uliniambia lori la Raphaeli lilikwenda taratibu mno siku ile. Kwamba mlichelewa tu. Usiku huku ninasikia mashine za Wachina na ninalipiga lori lile viboko kichwani mwangu, liende, liende, lifike hospitali Mbeya, na halifiki. Lusajo alikuwa na miaka miwili na sikuwepo. Sitazika mtoto mwingine kwa sababu ya mwendo. Tabita akishikwa na kifua kama kaka yake, kabla chai haijapoa atakuwa mbele ya daktari.

Baba akija mwache afanye mazungumzo yake. Usiwaambie watu, watatuita mabepari.

Mumeo,
Danford


Tunduma,
11 Agosti 1974

Mume wangu Danford,

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaifungua nikaisoma tena, nikadhani labda yako magari mawili mekundu yenye taa nne. Liko moja. Liko nyuma ya ua wangu. Ndilo linalonichafulia nepi. Nilikuandikia habari zake Julai, nafikiri barua hiyo imelala Mpika.

Baba yako alikuja Jumamosi. Asubuhi ile Bashiri aliniletea kopo la oili, nikalipasha, na gari lilikuwa limeshaamshwa mapema, moshi umeshapungua. Nikasikia Bwana Yahaya akisema, "Karibu mzee, sikiliza mwenyewe, kama cherehani." Nikachungulia katika matete nikaona kofia ya baba yako. Nilirudi ndani mbio, nikajifunika kanga mpaka machoni. Unajua kwetu Wandali mkamwana hatazamani na baba mkwe wala haongei naye, na tangu unioe sijawahi kuuona uso wake kwa ukamilifu. Nilikaa nyuma ya mlango na lile kopo tupu mikononi, ndipo nikaelewa. Oili ile hawapashi kila siku. Wanapasha siku ya mteja. Oili nzito inanyamazisha injini.

Nikasema nifanye nini. Mama yako angekuwa hai ningemtuma yeye. Mwasiti ni mpangaji wa Bwana Yahaya, akisema neno analala nje. Nikafanya kama wanavyofanya wanawake wa kwetu, nikamchukua Tabita, nikakaa naye karibu na matete nikamwambia yeye, kwa sauti: "Tabita mwanangu, mwambie babu gari hili lina moshi wa buluu asubuhi. Mwambie babu aje likiwa la baridi."

Alisikia sauti ya mkamwana wake. Akafanya kama anavyotakiwa mtu mwenye heshima. Akavua kofia, akageuza mgongo, akaondoka upesi mpaka barabarani asinisikie zaidi. Bwana Yahaya akamfuata huko huko, wakapeana mikono wakiwa wamesimama barabarani. Kwa hiyo kwenye mapatano hayo nimemsukuma mimi. Mafahali atawaleta mwisho wa mwezi wa tisa, kahawa ikishavunwa.

Nilimwuliza Bashiri kama injini ni nzima. Akacheka. "Mama Tabita, nzima kabisa, mradi utembee na debe la oili." Akaacha kucheka akasema, "Mimi ni kibarua, dada." Hata Mzambia mmoja kutoka Nakonde alikuja kulitazama, akainama kwenye bomba la moshi, akapitisha kidole, akasema, "Awe, mukwai," yaani hapana bwana, akaenda zake na baiskeli yake.

Mwandikie baba yako. Mimi kumwandikia siwezi, barua nayo ni mdomo. Andika leo leo.

Mkeo,
Tulinagwe


Kambi ya Reli, Serenje,
25 Agosti 1974

Mama Tabita,

Barua zako zote mbili zimefika siku moja. Nimezisoma nikiwa nimechoka, kwa hiyo kama maneno yangu ni makali yasamehe.

Gari la mbio si lori. Injini yake imefunguliwa ipumue, lazima inywe oili, kama mkimbiaji anavyokunywa maji kuliko mtu aliyekaa. Nimemwuliza fundi mmoja hapa kambini, amesema hata trekta la Wachina linatoa moshi asubuhi na linavuta mabehewa. Wewe umeona moshi, mimi nimeona mwendo. Na baba ameshapeana mkono. Nilimbembeleza tangu mwezi wa tano mzee yule aachane na mafahali wake, leo nimwandikie kwamba mke wangu amechungulia katika matete akaona vingine? Atasema nini juu yako, na atasema nini juu yangu?

Sitamwandikia.

Yule fundi aliniuliza swali moja. Kifuniko cha kutilia oili, juu ya injini, kikifunguliwa kina nini kwa ndani? Kikiwa na oili tupu, hata kama inaungua, ringi za pistoni zinabadilishwa, gari linaishi. Kikiwa na povu rangi ya chai ya maziwa, basi maji yameingia kwenye oili, na injini hiyo itakutembeza vizuri mpaka siku itakapokukatalia njiani. Sikuombi ufanye kitu. Nakwambia tu alichosema.

Kifua cha mtoto kikoje? Umeandika "si sana" mara ya kwanza, mara ya pili hukuandika kabisa.

Danford


Nanyala,
28 Agosti 1974

Kwa mjukuu wangu Tabita binti Danford,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi babu yako ni mzima, magoti tu yanakumbuka mambo mengi. Kahawa imeiva vizuri upande wa juu, upande wa chini imepigwa na ukungu.

Mjukuu wangu, nilipokuwa Tunduma nilisikia ukiambiwa maneno. Niliondoka, maana sauti ile si halali kwangu kuisikiliza, na yule mwenye sauti ananiheshimu na mimi ninamheshimu. Nikapanda lori nikarudi nyumbani. Lakini tangu Vwawa mpaka hapa nilikuwa najiuliza: mtoto ambaye hata kusimama hajui, anatumwa kwa babu yake kusema nini cha haraka namna ile? Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mafahali wangu wananitazama kama wamesikia kuliko mimi.

Mtu kuandikiwa na mjukuu wake si mwiko wowote ninaoujua. Nimemwuliza na mzee wa kanisa, naye hajui mwiko huo. Basi wewe niandikie. Aliye karibu nawe akushike mkono.

Babu yako,
Zebedayo


Tunduma,
8 Septemba 1974

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo babu. Mimi Tabita ni mzima kiasi. Kuandika sijui, mkono huu ni wa aliye karibu nami, kama ulivyoruhusu.

Babu, niliambiwa nikwambie hivi. Gari ulilooneshwa lilikuwa limepashwa. Kila alfajiri linatoa moshi wa buluu mpaka kuku wa jirani wanakimbia, na siku ya mteja linatiwa oili nzito inayopashwa kwenye jiko ambalo uji wangu unapikiwa. Jana Bashiri alikuwa amefungua boneti, nikabebwa mgongoni mpaka pale, na aliyenibeba akamwomba afungue kifuniko cha oili. Bashiri alitazama huku, akatazama kule, akafungua, akaenda kunawa mikono mbali. Ndani yake kuna povu, babu. Rangi ya chai ya maziwa. Nasikia maana yake ni maji, na kwamba injini ya namna hiyo humkatalia mtu njiani.

Uje alfajiri, bila kutanguliza habari. Weka kiganja juu ya boneti kwanza. Ikiwa ya baridi ndipo waambie waliamshe.

Kuna la pili, na hili baba yangu halijui. Baba anataka mwendo kwa sababu ya kaka yangu Lusajo. Aliambiwa lori lilikwenda taratibu mno. Babu, lori halikwenda taratibu. Lilikwenda vizuri mpaka tulipopita hapo kwenu Nanyala, kwenye kilima, likatoa sauti kama mtu anayetafuna mawe, injini ikakaza, likasimama. Raphaeli alivuta kijiti cha kupimia oili kikatoka kikavu. Tulikaa kando ya barabara. Kaka yangu alikuwa bado anapumua lori liliposimama, alikuwa anamtazama kunguru juu ya nguzo ya simu. Hapakupita gari mpaka jua lilipokuwa kichwani, na lilipopita hatukuwa na haja nalo tena.

Mama alimficha baba kwa sababu Raphaeli ni rafiki yake wa kucheza naye utotoni, na baba angemtafuta kwa panga. Alidhani taratibu ni neno lisiloumiza mtu. Sasa neno hilo ndilo linalonunua gari.

Mimi sijali mwendo, babu. Nataka gari linalofika.

Mjukuu wako,
Tabita


Tunduma,
22 Septemba 1974

Mume wangu Danford,

Tabita amelala sasa hivi, na kabla hajalala alishika kidole changu akakipeleka kifuani kwake, pale panapokoroma, kama anayenionyesha mlango. Nimekiacha kidole hapo mpaka akasinzia. Naandika kwa mkono mwingine karatasi ikiwa gotini, kwa hiyo mistari ikipanda kilima nisamehe.

Baba yako alikuja juzi. Alilala kwa mzee wa kanisa wa hapa Tunduma, na alfajiri, kabla kuku wa Mwasiti hawajashuka, akapiga hodi kwa Bwana Yahaya. Mafahali hakuja nao. Mimi nilikuwa nyuma ya matete na kanga yangu. Bashiri alipomwona akasema, "Mzee umewahi mno, ngoja tulipashe kwanza." Baba yako akamjibu, "Hata mimi sijapashwa, nimekuja na baridi yangu. Liamsheni hivyo hivyo." Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo muda, kama anavyompapasa ng'ombe mgonjwa.

Bashiri akaja uani kwangu, anasema polepole, "Mama Tabita, jiko?" Nikamwambia leo jiko halijawaka. Akanitazama, akatikisa kichwa kuitika, na nafikiri alifurahi.

Danford, lilipoamka moshi ulifunika uwanja mzima. Sikumwona baba yako, niliona kofia tu. Bwana Yahaya akasema, "Gari la mbio lina kiu, mzee, ni kawaida yake." Nikasikia baba yako akijibu, "Ng'ombe mwenye kiu namjua, akinywa hunenepa. Hili linakunywa linakohoa." Akaomba kifuniko kifunguliwe. Akapitisha kidole, akakinusa, akasema, "Chai hii mmetia maziwa."

Hapakuwa na ugomvi. Bwana Yahaya alikaa juu ya tairi, akavua kofia yake naye. Akasema, "Mzee, hata mimi niliuziwa likiwa la moto." Wakanywa kahawa. Mkono waliopeana wakaurudisha mbele ya mzee wa kanisa, na Bwana Yahaya hakudai kitu.

Halafu baba yako akaja karibu na matete, akageuza mgongo, akasema, "Mjukuu wangu Tabita, umeniletea maneno mazito kuliko umri wako. Mengine hayo mwambie baba yako wewe mwenyewe, si yangu kuyasema." Akaondoka.

Basi nakwambia. Lori la Raphaeli halikwenda taratibu. Lilikauka oili likakaza kwenye kilima cha Nanyala, tukakaa kando ya barabara na mtoto. Ulikuwa unalipiga viboko kichwani mwako bure, mume wangu. Lisingekwenda. Na ningekuachia lile neno la taratibu ulale nalo miaka yote, nikidhani nakutunza. Usimtafute Raphaeli. Hapandi lori tena, analima ulezi Msangano, na kila Krismasi hutuma debe lake hapa, ndani ya gunia, bila kusema limetoka kwa nani. Mimi najua, maana gunia la kwanza lilikuwa lile lile tulilomlazia Lusajo.

Ukikasirika nikasirikie mimi, ila usikae nayo muda mrefu huko porini peke yako.

Sasa la leo. Kifua cha Tabita hakijawa kibaya kama cha kaka yake, lakini sitaki kukingoja. Baba yako aliposikia akaenda mpaka Vwawa kwa watu wa ushirika wa kahawa. Lipo lori linakwenda Mbeya leo, bovu la rangi, milango imefungwa kwa kamba. Mzee wa kanisa ndiye aliyeniletea habari, anacheka mwenyewe. Anasema baba yako alimwamuru dereva azime injini, avute kijiti cha oili mbele ya watu, akifute, akitumbukize, akivute tena. Dereva anasema, "Mzee wewe ni polisi?" Baba yako anasema, "Mimi ni babu." Oili ilikuwa imejaa, safi, rangi ya asali. Lori hilo likipanda kilima hata mtu wa miguu analipita, lakini linapanda.

Nimefunga nguo za Tabita, na nepi zote ni nyeupe, tangu juzi gari lile halijaamshwa. Nimepika uji wa njiani. Woga ninao, sikudanganyi, maana ni barabara ile ile na kilima kile kile. Lakini safari hii naona kama tutafika, na tukifika nitakuandikia daktari alichosema, na ukirudi tutatafuta gari letu, hata la polepole, tulitazame wote wawili alfajiri likiwa la

Kuna mtu anaita nje. Nimedhani ni Mwasiti, aliahidi kuniita lori likifika, lakini sauti ni ya mwanamume. Ni baba yako, Danford, yuko mlangoni kabisa, hajageuza mgongo, na hamwiti Tabita safari hii, ananiita mimi, kwa jina ambalo watu wameliacha tangu tulipozika, anasema, Mama Lusajo, njoo, mlete mtoto, lori liko hapa